Pimbi na Jiwe la Saba

Hapo zamani za kale, siku wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, na milango ikibishwa hodi, palikuwa na uwanja wa ngoma uliozungukwa na mawe arobaini ya kukalia. Mawe hayo hayakuwa sawa. Mengine yalichoma makalio jua likiwaka. Mengine yalikuwa nyuma kabisa, ukikaa huko unaona migongo tu. Lakini jiwe la saba, wanangu, hilo lilikuwa jiwe la raha. Lilikuwa bapa, lilipata kivuli cha mwamba, na lilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa Mzee Tembo, mkuu wa uwanja.

Kila mwaka baada ya mavuno ilichezwa ngoma kubwa, na siku hiyo watoto waliotimiza umri waliingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Desturi ilikuwa hivi. Mtoto akimaliza kucheza, Mzee Tembo huuliza, "Nani anampokea?" Mama yake hujibu, "Nipo," naye awe amekaa juu ya jiwe, kanga imetandazwa mapajani. Mtoto hukimbia akakaa pale juu ya kanga, na tangu siku hiyo huhesabiwa mkubwa. Lakini mama akijibu akiwa amesimama nje ya mawe, haihesabiki. Mtoto hurudishwa nyumbani kungoja mwaka mwingine.

Sasa palikuwa na pimbi mmoja wa huko majabalini, akiitwa Mama Chiku. Alikuwa mama mwenye haya. Akisalimiwa hutazama vidole vyake vya miguu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, ngoma zikilia humsikii. Ndiyo maana alilitaka jiwe la saba. Pale tu ndipo Mzee Tembo angeweza kumsikia.

Mwaka uliopita alilipata. Bibi Nyani, karani aliyegawa mawe kwenye mlango wa magharibi wa uwanja, alimwambia, "Jiwe la saba ni lako, mwanangu." Mama Chiku akafua kanga, akamfunga Chiku njuga miguuni, wakaenda. Kufika kwenye jiwe, lo, limekaliwa na Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba."

"Samahani, hilo jiwe nimepewa mimi."

"Na mimi nimepewa," alisema Nyati. "Nimepewa na Karani Fisi, mlango wa mashariki. Wewe umepewa na nani?"

"Na Bibi Nyani, mlango wa magharibi."

"Basi tumepewa wote wawili. Kaa, kama unaona pa kukaa."

Mama Chiku alitazama. Hata kiroboto asingepata nafasi. Akasimama nyuma ya mkia wa Nyati. Chiku akacheza, pu-ti-pu, pu-ti-pu, vumbi likapanda. Mzee Tembo akauliza, "Nani anampokea?" Mama Chiku akajibu, akajibu tena, lakini ngoma zikaimeza sauti yake, na hata kama angesikika, alikuwa amesimama. "Hana wa kumpokea," akasema Mzee Tembo. Chiku alilia njia nzima, akalala na njuga zake miguuni.

Mwaka huu njuga zilikuwa zimetundikwa ukutani, na kila asubuhi Chiku alizitikisa.

"Mama, mwaka huu utakaa?"

"Nitakaa."

"Bwana Nyati akija je?"

Zilipobaki wiki tatu kufika siku ya ngoma, Mama Chiku akajifunga kanga akaenda kwa Bibi Nyani.

"Bibi, nimekuja kuuliza. Mwaka jana nani alidanganya?"

"Hakuna aliyedanganya, mwanangu, na hapo ndipo panaponiuma," alisema Bibi Nyani. "Nilimwuliza Mzee Tembo, jiwe la saba liko wazi? Akasema liko wazi. Nikashuka kuja kukupa wewe. Kumbe nyuma yangu Fisi naye kaenda kuuliza, liko wazi? Akaambiwa liko wazi, maana mimi nilikuwa bado sijarudi kusema nimelitoa. Nikakupa wewe, naye akampa Nyati."

"Na yale majani mnayoandika?"

Bibi Nyani alicheka mpaka akakohoa. Akamwonyesha tenga lililojaa majani makavu, kila jani limekwaruzwa alama ya jiwe moja, yote yametupwa humo ovyo.

"Haya, nitafutie la saba."

Mama Chiku aliinama akapekua. Akapata la kumi na tisa. Akapata la tatu. Akapata la thelathini, na mende wawili. Jasho likamtoka, la saba halionekani.

"Umeona?" alisema Bibi Nyani. "Na wewe uko peke yako. Mimi nina foleni mlangoni, nguruwe anasukuma, nyumbu analia. Nani atapekua tenga zima? Nauliza kwa mdomo, nasema liko wazi, yaishe. Na Fisi siku hizi amegundua kuwa hakuna anayepekua. Anawapa watu jiwe moja hilohilo makusudi, kila mtu kwa zawadi yake."

Mama Chiku alirudi nyumbani akiwaza njia nzima. Kati ya kuuliza na kutoa kuna mwanya, alijiambia. Ni mwanya mdogo tu, lakini amepita humo Nyati mzima na pembe zake.

Akiwa anawaza hivyo alichota maji, kibuyu kikamponyoka, kikaanguka juu ya jiwe. Kacha! Vipande viwili.

Akaviokota. Akaviunganisha. Vikakaa sawasawa, hata mstari hauonekani. Kisha akachukua kibuyu kingine cha ukubwa uleule, akakipiga. Kacha. Akajaribu kuunganisha nusu ya kwanza na nusu ya pili. Zikakataa. Akakizungusha kipande huku, akakizungusha kule, kikatikisika kama jino bovu. Akapasua cha tatu, cha nne, cha tano. Hakuna kilichokubali nusu ya mwenzake.

Chiku akaja mbio. "Mama, umepatwa na nini? Tutanywea nini maji?"

"Tutakunywa kwa viganja," alisema Mama Chiku, na macho yake yaling'aa. "Mwanangu, njuga zako ziteremshe, zianze kupata jua."

Siku ya pili Mzee Tembo aliitisha baraza. Wakubwa wote walikuja na malalamiko, maana mwaka uliopita hata wao walipigana. Kifaru alionyesha kovu. Nyati alionyesha lake.

"Nimeamua," alisema Mzee Tembo. "Mwaka huu karani asiulize mara moja. Aulize mara mbili."

Wakapiga makofi. Nyuma kabisa kikanyooka kikono kidogo.

"Nani huyo? Simama tukuone."

"Nimesimama, Mzee," alisema Mama Chiku.

Wakacheka. Mama Chiku akasonga mbele. "Mzee, hata wakiuliza mara kumi ni yaleyale. Makarani wawili wakiuliza pamoja, wote wataambiwa liko wazi, na wote watalitoa. Naomba karani asiulize kabisa."

"Asiulize? Sasa atajuaje?"

Mama Chiku akafungua mzigo wake. Akatoa kibuyu, akakipiga, kacha. "Mawe arobaini, vibuyu arobaini. Kila kimoja tunakipasua. Nusu moja tunaigandisha kwa ulimbo kwenye ukingo wa jiwe lake, haitoki. Nusu nyingine tunaitundika kwenye kamba, kila moja na kigingi chake, tangu la kwanza mpaka la arobaini kwa mpango. Ukitaka la saba, huhangaiki, unahesabu sita unaruka. Karani ananyoosha mkono na kuchukua. Kipande kikiwepo, jiwe lipo. Kigingi kikiwa kitupu, jiwe limekwenda, hakuna cha kutoa tena."

"Hii hi hii," alicheka Karani Fisi. "Jamani, kigae cha kibuyu ndicho kitamzuia Bwana Nyati?"

Mama Chiku akatazama vidole vyake vya miguu. "Hakitamzuia Bwana Nyati. Kitamlinda. Akishika kipande cha jiwe lake, hata Kifaru hawezi kumwondoa."

Masikio ya Nyati yakasimama.

"Na mimi je?" aliuliza Kifaru.

"Na wewe, Bwana Kifaru, ukishika chako, hata Nyati hakuondoi."

Basi, wanangu, kila mkubwa akajiona amekaa juu ya jiwe kwa raha na wenzake wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyejiona yeye amesimama.

"Tuape," alisema Nyati, wa kwanza. Akapiga kwato chini, puu. "Ambaye kipande chake kinakaa, ndiye mwenye jiwe, awe nani."

"Awe nani," akasema Kifaru. Puu.

Wakaapa wote, ardhi ikatetemeka. Na Fisi akaapa, lakini mguu wake aliutua polepole.

Fisi alikuwa na sababu. Jiwe la saba alikwisha kuliahidi kwa Nyati, ambaye alimletea mtungi wa maziwa. Na alikwisha kuliahidi kwa Kifaru, ambaye alimchimbia nyumba mpya kwa pembe yake. Jioni ileile akapanda majabali.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Karibu ndani, kaa."

Fisi alikaa, akatazama vibuyu vipya vilivyorundikwa kwenye kona. "Vizuri hivi. Umelima mwenyewe?"

"Hapo nyuma ya jabali."

"Na vyote vinafanana?"

"Mbegu moja, shemeji. Ukivipanga hujui kipi ni kipi."

"Kwa hiyo mtu akichukua kingine akakipasua..." Fisi alijikamata, akakohoa. "Nilitaka kusema, mke wangu hana hata cha kuchotea maji."

"Maskini," alisema Mama Chiku. "Kwa nini hukusema mapema? Chukua viwili. Chukua hata vitano, shemeji. Vipasue utakavyo."

Fisi aliteremka na vibuyu mgongoni, vikigongana ko, ko, ko, naye anacheka peke yake. Chiku alitoka nyuma ya mlango amekasirika.

"Mama, umempa mwizi."

"Nimempa vibuyu," alisema Mama Chiku. "Jiwe sijampa."

Siku ya kugawa mawe ilipofika, kamba ilinyooshwa toka mlango wa magharibi hadi mlango wa mashariki, na vipande arobaini vikaning'inia kwa mpango. Foleni zilikuwa mbili, moja kwa Bibi Nyani, moja kwa Fisi. Na kazi ilikwenda! Jiwe la kumi na mbili? Mkono, kipande, haya nenda. La ishirini? Kigingi kitupu, chagua lingine. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyepekua. Nyumbu alikuja kulia kwa mazoea, akakuta zamu yake imefika, akasahau kulia.

Nyati na Kifaru hawakupanga foleni. Walikuwa nyumbani, maana waliahidiwa.

Mama Chiku alifika mbele ya Bibi Nyani. "La saba, Bibi."

Wakati huohuo Fisi, aliyekuwa amefuata kamba mpaka kwenye kigingi cha saba, aliwaza, heri nijiwekee na kile cha kweli. Akanyoosha mkono. Bibi Nyani akanyoosha wake. Mikono miwili ikakutana juu ya kipande kimoja.

Foleni zote mbili zikanyoosha shingo. Mwaka jana saa kama ile ndipo jiwe moja lilipokwenda kwa watu wawili.

"Nimekiwahi," alisema Fisi.

"Nimekishika," alisema Bibi Nyani.

Fisi alivuta, lakini fundo la kamba halifunguki kwa kuvutwa, na kucha zake nene hazikujua mafundo. Vidole vya Bibi Nyani vilikuwa vimezoea kuchambua chawa. Chwap! Fundo likafunguka, kipande kikatua mikononi mwa Mama Chiku. Fisi akabaki ameshika kigingi.

Kila mtu aliona. Kipande ni kimoja. Hata kingeshikwa na mikono kumi, mmoja tu ndiye angetoka nacho.

"Chukua, shemeji, chukua," alisema Fisi, akitabasamu kwa meno yote. Moyoni alisema, ninavyo vyangu vitano.

Siku ya ngoma, Mama Chiku alifika mapema, kanga begani, Chiku njuga miguuni. Kutazama jiwe la saba, Nyati huyo. Na mbele ya Nyati amesimama Kifaru, pua imefura.

"Shuka."

"Nishuke niende wapi? Hiki hapa kipande changu."

"Na hiki hapa changu. Karani Fisi kanipa kwa mkono wake."

"Na mimi kanipa kwa mkono wake!"

Ngoma zilikwisha kuanza. Watoto walikuwa wamepangwa mstari, na Chiku alikuwa wa tatu. Mtoto wa kwanza akaingia uwanjani. Mama Chiku akahesabu waliobaki mbele ya Chiku. Wakisukumana hawa mpaka zamu ya tatu, mwanangu anarudishwa tena.

Mzee Tembo akanyoosha mkonga. "Leteni vipande."

Akachukua cha Nyati, akakiweka juu ya nusu iliyoganda kwenye jiwe. Kikaacha pengo, mjusi angeweza kupenya. Akachukua cha Kifaru. Kikatikisika huku na huku, kikaanguka, pwa.

"Ni ulimbo umeharibika," alisema Nyati.

"Ni jua limekikunja," alisema Kifaru.

Mtoto wa pili akaingia uwanjani.

"Mzee," alisema Mama Chiku, "naomba nami nijaribu."

"We mdogo, toka hapo, utakanyagwa," alisema Nyati.

Hakutoka. Alipita katikati ya miguu ya Kifaru, akapanda jiwe, akakishika kipande chake kwa mikono miwili na kukishusha polepole. Kacha. Kibuyu kikawa kizima. Sisimizi mmoja aliyekuwa akitembea pale juu akavuka upande wa pili, hakujikwaa.

"Kimekaa," alisema Mzee Tembo.

Nyati akapuliza pua, vumbi likaruka. "Kikae kisikae, nani wa kuniinua hapa?"

Hakuna aliyesogea. Hata Mzee Tembo alisita, maana pembe za Nyati si mchezo.

Mama Chiku hakutazama vidole vyake vya miguu. Alimtazama Nyati usoni.

"Yule aliyeapa wa kwanza," alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia Nyati. Kifaru akaanza kucheka, kicheko kizito kikitokea tumboni. "Kweli, ndugu yangu. Kwato yako ndiyo iliyotangulia. Ukikivunja kiapo leo, kesho nakuja kukutoa kwenye jiwe lolote utakalokalia, na nitakuwa na haki."

Nyati akafikiri. Kufikiri kwa Nyati huchukua muda, na mtoto wa pili alikuwa anamalizia. Kisha akainuka, mguu mmoja, mguu wa pili, akashuka.

"Fisi yuko wapi?" aliuliza.

Wakageuka wote. Mlango wa mashariki ulikuwa mtupu, na mbali huko kilimani nukta moja ya madoadoa ilikuwa inapanda kwa kasi. Nyati na Kifaru wakatazamana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule wakakubaliana jambo. Wakaondoka pamoja, puu-puu-puu, mpaka kishindo kikafifia.

Mama Chiku alikaa. Akatandaza kanga mapajani.

Mtoto wa tatu akaingia. Chiku alicheza, wanangu, acheni. Chaka-chaka, chaka-chaka, njuga zilisema zenyewe, vumbi likawa kama moshi. Alipomaliza alisimama katikati ya uwanja, kifua kikipanda na kushuka, hakuthubutu kutazama upande wa jiwe la saba.

Mzee Tembo akauliza, "Nani anampokea?"

"Nipo," alisema Mama Chiku.

Ilikuwa sauti ileile nyembamba kama uzi. Lakini ilitoka hatua mbili tu, juu ya jiwe, na Mzee Tembo akaisikia. Chiku alikimbia, njuga zinalia, akaruka, akatua juu ya kanga na kumficha mama yake uso kwa mikono yake midogo.

Tangu mwaka ule mawe yaligawiwa kwa kamba na vipande, na hakuna jiwe lililopata tena wenyewe wawili.

Funzo lake ni hili: kilicho cha mtu mmoja kisilindwe kwa maneno ya mlangoni, kilindwe kwa kitu ambacho hakiwezi kushikwa na wawili.

Hadithi yangu imecheza, imechoka. Nani anaipokea?